Naomba ushauri: draiva ya diski gofu kwa mwenye mkono usio na nguvu

Habarini wakuu. Niko Uyole, Mbeya. Nacheza diski gofu (gofu ya kurusha visahani hadi viingie kapuni) na jirani yangu, kapu alituchomelea fundi wa mageti.

Shida yangu ni draiva, yaani diski ya kurusha mbali. Niliyopewa ni ya spidi 12, gramu 175. Narusha kwa mkono wa kulia, inakwenda vizuri kama mita 40, halafu inakata kushoto na kuzama kwenye viazi vya watu. Mwenye shamba ni mama mtu mzima. Namwamkia shikamoo ndipo naomba kuingia, natembea katikati ya matuta nisikanyage mche. Naona aibu kweli.

Najua spidi kubwa inadai mkono wenye kasi, nami hata mita 60 sifiki. Tena huku juu, karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi, diski inawahi kuangukia kushoto. Nafikiria Leopard ya kampuni ya Innova (6, 5, -2, 1: yaani spidi, kuelea, kugeukia kulia mwanzoni na kukata kushoto mwishoni), au Diamond (8, 6, -3, 1), gramu 150 hivi. Ila upepo wa mchana hapa si mchezo, nahofia diski nyepesi itapeperushwa.

Aliyewahi kuzirusha kwenye upepo wa mbele anisaidie, nichukue ipi?