Gabioni za Nyakach: wamemwaga kokoto kwa waya wakasema ni ukuta

Wadau nina hasira. Korongo la Katuk Odeyo tumelijua tangu utotoni, limemeza mashamba ya watu, na kila masika linazidi kusogea. Sasa tukaletewa kontrakta ajenge gabioni, yaani ukuta wa maboksi ya waya yaliyojazwa mawe, karibu na kalvati ya huku kwetu, tukashukuru. Nendeni mkaone saa hii, ukuta umefura tumbo na boksi mbili zimepasuka!

Jameni kazi ya gabioni inafanywa na uzito wa mawe, waya ni wa kuyashika tu. Matundu yake ni sentimita 8 kwa 10, kwa hivyo unatafuta jiwe gumu la sentimita 10 mpaka 20 hivi, unalipanga kwa mkono, moja baada ya lingine, mianya iishe. Hawa walirudisha lori kinyumenyume wakamwaga, kokoto na udongo pamoja, mvua ikanyesha zikaanza kuchomoka kama mahindi kwa gunia lililotoboka. Alafu boksi la kimo cha mita moja linafaa kufungwa nyaya za ndani, za kuvuta uso wa mbele na wa nyuma, ukifika theluthi unafunga, ukifika theluthi ya pili unafunga tena. Nimechungulia lile lililopasuka, hakuna hata uzi mmoja.

Kinachoniuma zaidi ni huko nyuma. Hawakuweka kile kitambaa cha kuchuja, jiotekstaili, maji yanapita ukutani sawa, ndivyo inavyotakiwa, lakini yanatoka na udongo wetu. Pamebaki pango unaingiza mkono mpaka begani na mbuzi wanapita hapo juu wakidhani ni ardhi. Msingi nao hawakuchimba, maji ya kalvati yashakula chini.

Mzee mmoja akamuuliza msimamizi wa saiti, akajibiwa ati gabioni imeumbwa kupinda. Ndio, inapinda bila kuvunjika, huo ndio ubora wake kuliko zege, lakini kupinda sio kutapika mawe bana!

Wabomoe wapange upya kabla ya Machi, mawe magumu si yako hapo juu Nyabondo. Na mimi nataka BQ ya hiyo kazi, ile orodha ya vifaa, vipimo na bei, nimeshapeleka barua, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu. Kama kuna injinia humu aseme nikiipata nianze kukagua wapi.