Nimekuta barua ya mkono ya daktari wa zamani wa Uingereza ndani ya kitabu, nisaidieni

Mzee_wa_Mitumba
Wakuu habari za jioni. Niko huku Coventry, juzi nimenunua kitabu cha zamani cha tiba kwa pauni mbili, kufika home nafungua nakuta barua katikati, karatasi moja imekunjwa, imeandikwa kwa mkono na wino umeshakuwa rangi ya chai. Juu imechapwa Privy Council Office, tarehe naona 8 Feb 186 halafu namba ya mwisho iko kwenye mkunjo haionekani. Chini sahihi ni John Simon. Katikati hapo mwandiko wa kuku mtupu, nimeambulia neno la chanjo mara mbili tu basi. Nimegugo naletewa John Simon aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza miaka ya 1930, ndo huyu? Na nataka kesho nikaipige lamineshen isije ikachanika, mama watoto yeye anasema niiuze tu.

binti_makavazi
USIPIGE LAMINESHEN kaka!! Najua kwetu hata cheti cha kuzaliwa tunapiga ila hiyo hapana, ule moto na gundi havitoki tena. Wino wa enzi hizo mwingi ulitengenezwa kwa chuma na vivimbe vya mti wa mwaloni, ukiwa mpya ni mweusi baadaye unakuwa kahawia na unaila karatasi taratibu. Maji usiguse, selotepu usiguse. Iweke kwenye folda ya karatasi isiyo na asidi, mbali na dirisha.

Kipara Ngoto
Waziri amezaliwa 1873, ataandikaje barua ya 186 kitu mkuu 😂 Na kulikuwa na mwanasheria jina hilohilo, mbunge wa Dewsbury, ila hapo juu ya karatasi pameshakupa jibu. Huyo ni daktari mpasuaji wa hospitali ya St Thomas, 1848 City of London ikamfanya afisa afya wake wa kwanza, akawa anapigia kelele mashimo ya vinyesi yaliyokuwa chini ya nyumba za watu. 1858 akahamia Privy Council, yaani baraza la washauri wa Malkia, na usimamizi wa chanjo ya ndui ukawa chini ya ofisi yake, mpaka 1871 idara yake ikapelekwa Local Government Board, ofisi mpya ya serikali za mitaa. Kwa hiyo chanjo na hiyo anwani vinaendana kabisa.

shemeji_wa_Tanga
Si ndo yule aling'oa mpini wa pampu ya maji Soho, London, wakati wa kipindupindu?

Kipara Ngoto
Hapana shem, yule ni John Snow, 1854, na hata yeye hakung'oa kwa mkono wake, aliwashawishi wakubwa wa parokia. Simon mwanzoni hoja ya Snow kwamba kipindupindu kinaenea kwa maji hakuimeza yote. Ila 1856 akatoa ripoti ya kampuni mbili za maji kusini mwa London, mabomba yao yanapita mitaa ileile, moja inachota Thames palepale penye uchafu wa mji, ya pili ilishahamia juu ya mto 1852. Waliokufa kwa kipindupindu kwenye kila watu 10,000 ni 130 kwa ile ya kwanza, 37 kwa ya pili. Jirani na jirani hao, tofauti bomba tu.

binti_makavazi
Kuhusu kusoma, zima taa, mulika tochi kwa ubavu upige picha, mkunjo utaonekana. Halafu chukua maneno uliyoshayajua, chora pembeni jinsi anavyoandika kila herufi, ndo uende nayo kwenye maneno magumu. Ukikwama waandikie Wellcome Collection, makumbusho na maktaba ya historia ya tiba hapo London. Na angalia kwa lenzi kama kalamu imekandamiza karatasi, kuna nakala za kuchapwa zinadanganya.

Mzee_wa_Mitumba
Dada tochi imekubali, ni 4! 1864. Na kalamu imekandamiza kweli, nyuma ya karatasi unahisi kwa kidole. Lile neno la pili si chanjo kumbe, ni mchanjaji, kwa hiyo kuna mtu anazungumziwa hapo, jina lake linaanza na H au K, bado napambana nalo. Mama watoto ameshaanza kuniulizia bei.