Mpira wa chupa ya achari umekakamaa: siki au jiki?

Mpika_Achari (Lamu)
Asalaam aleikum. Chupa ni za kioo, lita 2, zile za kufunga kwa waya. Hutiwa achari ya embe. Zikirudi tupu, mpira wake wa rangi ya machungwa hulowekwa ndani ya jiki usiku kucha ili manjano yatoke, kisha hupakwa Vaseline usikauke. Sasa umekuwa mgumu, ukiukunja waona nyufa, na mafuta yavuja ubavuni. Ni siki inayoula?

Fundi_Mkomani
Waleikum salaam, dada. Siki usiisingizie, ya jikoni ni asilimia 5 hivi, mpira unaistahimili. Ni jiki. Mpira wa aina hiyo mara nyingi ni mpira asilia, na klorini iliyomo ndani ya jiki huanza kuula juu: ngozi ya nje hukakamaa, ndani kungali laini, basi ukiukunja ngozi hupasuka. Vaseline nayo imetokana na petroli. Mpira asilia huinywa, ukavimba, ukalegea, usikae tena sawasawa kwenye kifuniko. Mafuta ya achari hufanya vivyo hivyo, ila polepole. Huo tupa, haurudi.

Jikoni_Malindi
Mpya ukiupata, uvue kabla ya kuosha chupa. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini, basi. Manjano yaliyobaki ni rangi tu, yaache. Jiki ni ya kioo: kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4 za maji, dakika 2, suuza. Na usichanganye na ndimu wala siki, hutoa gesi inayochoma kifua.

Anika kivulini. Jua hutoa manjano kwenye kanga, kweli, lakini mpira huuzeesha. Chupa tupu usiibane waya, mpira hubaki bapa.

Mpika_Achari
Shukran. Na wa silikoni nitaujuaje? Wauzaji wote husema ni silikoni.

Fundi_Mkomani
Kata kipande kama punje ya mchele, kishike kwa koleo, kichome nje. Moshi mweusi na harufu ya tairi, huo ni mpira. Majivu meupe, ni silikoni. Mafuta ya achari huyavumilia zaidi, ingawa hushika harufu ya kitunguu saumu na haiachi. Kabla ya kununua pima kipenyo cha ndani. Chupa za lita 2 hazilingani zote.

Mpika_Achari
Gliserini badala ya Vaseline?

Jikoni_Malindi
Haiudhuru mpira. Lakini mpira mzima haupakwi kitu, mamaangu.