Matokeo ya darasa la nne na la saba: shuleni kwenu yalipanda kwa lipi? Tupeane uzoefu

Mjumbe wa Kamati
Habari zenu wadau. Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali, huku Iramba. Kila matokeo yakitoka kikao chetu ni kile kile: tumekuwa wa ngapi kikata, wastani umepanda au umeshuka, nani alaumiwe. Safari hii niliomba tuanze na swali jingine: mtoto aliyepata D ya hisabati, ni kitu gani hasa kilimshinda? Hakuna aliyekuwa na jibu, na wala si kwa ubaya. Karatasi inayobandikwa ofisini ina namba ya mtihani, jinsi na madaraja, basi.

Kwa asiyefuatilia: darasa la saba wanafanya masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. A inaanzia 241, B 181, C 121. Chini ya hapo mtoto hahesabiwi kuwa amefaulu. Mwenye 121 na mwenye 119 wamepishana alama mbili, lakini mmoja anachinjiwa kuku na mwingine anaambiwa aanze kutafuta kibarua. Hili linaniuma sana.

Walimu, wazazi, mliofanya mtihani zamani, semeni kilichofanyika shuleni kwenu mkaona matunda yake.

Mwalimu wa Hisabati
Mjumbe, ahsante kwa uzi huu. Nafundisha hisabati darasa la sita na la saba, Shinyanga vijijini.

Niliwapa darasa langu swali hili: "Mkulima alivuna magunia 36 ya mpunga. Aliuza robo tatu ya mavuno yake. Je, alibakiwa na magunia mangapi?" Karibu darasa zima waliandika 27. Hesabu ya 36 mara robo tatu waliipata bila shida. Kilichowapita ni "alibakiwa". Nikamsimamisha binti mmoja wa dawati la mbele anisomee swali kwa sauti. Alisoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari, na alipofika "mavuno yake" mwanzo ulikuwa umeshamtoka kichwani. Nikamuuliza, mkulima alifanya nini? Akanijibu, "Alizidisha."

Pale ndipo nilipoelewa kwamba ile D ya hisabati, kwa watoto wangu wengi, ni D ya kusoma. Mtoto anavuka darasa la pili akiwa anaunganisha silabi, halafu hakuna anayemsikiliza tena akisoma mpaka siku mbili zile za Septemba. Unamwongezea mazoezi ya sehemu na asilimia wakati sentensi yenyewe haijamwingia.

Tulichobadilisha ni kidogo. Dakika kumi za mwanzo wa kipindi hakuna kukokotoa. Mmoja anasoma swali, mwingine anafunga daftari na kulisimulia: nani alikuwa na nini, kimetoka nini, wanauliza nini. Wanaoshindwa kwa Kiswahili nawaruhusu wasimulie kwa Kisukuma, kisha wenzao wanaligeuza. Wapo waliolalamika kwamba napoteza muda wa silabasi. Kwenye mock, ule mtihani wa majaribio wa wilaya, D na E zilipungua waziwazi, na waliosogea zaidi ni wale wa katikati, ambao kila mwaka tunawasahau kwa sababu hawatupi A.

Jambo la pili, na hili ni bure. NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo na lake, ipo kwenye tovuti yao. Inaonyesha kila swali: wangapi walichagua jibu A, wangapi jibu B, na kwa nini jibu lile la kosa liliwavutia. Hukuti mtoto wako mle, unakuta makosa ya nchi nzima, na ukiyapeleka darasani kwako utaona ni yale yale. Nashangaa shule nyingi haziisomi kabisa.

Mama wa Watatu
Mwalimu, shikamoo. Niko Temeke. Mwanangu wa kwanza aliandikishwa darasa la kwanza 2016, mwaka ule elimu bila malipo ilipoanza, na darasa lilijaa hadi watoto wakakaa chini. Mwalimu mmoja, mamia ya madaftari, nani angemsikiliza nani akisoma? Walifika darasa la saba 2022 na pengo lile lile. Sisi tulikimbilia tuisheni, asubuhi kabla ya vipindi na jioni baada yake. Mtoto alikuwa analala juu ya sahani ya wali. Kwa wa pili nimeacha. Ananisomea gazeti kila jioni, ukurasa mmoja, nami namuuliza alichosoma. Darasa la nne amepata B bila kambi ya masomo wala nini.

Kijana wa Marudio
Mimi nilikuwa miongoni mwa waliorudia mtihani Oktoba 2018, NECTA ilipofuta matokeo ya halmashauri nzima ya Chemba na ya baadhi ya shule za Dar es Salaam, Mwanza na Kondoa baada ya mtihani kuvuja. Shule yangu siitaji. Nataka wazazi wajue hali ya mtoto wa miaka 13 ambaye hakuiba kitu, anaambiwa na kijiji kizima kwamba wao ni wezi. Watu wazima walitafuta nafasi ya juu, sisi tukabeba aibu. Nilifaulu mara zote mbili ninavyoamini, lakini usingizi wa mwezi ule siusahau.

Mwalimu Mkuu Mstaafu
Pole sana mwanangu. Ndiyo maana nilifurahi 2023 Baraza lilipotangaza kuacha utaratibu wa kutaja shule bora na wanafunzi bora. Bahati mbaya kata na wilaya bado zinapanga, na mwalimu mkuu bado anaitwa kujieleza.

Niongeze na moja la kwangu. Niliongoza shule ambayo watoto wake walitembea mbali sana. Saa tano kichwa kiko mezani kwa njaa. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipofuta michango ya lazima, wazazi walielewa kwamba hata chakula wasichangie. Tukaitisha mkutano wa kijiji, wakakubaliana wenyewe kwa hiari: mahindi baada ya mavuno, kuni kwa zamu, na mama wawili wa kupika. Mahudhurio yalipanda kwanza. Alama zilifuata baadaye, polepole. Mtu akikuambia uji si taaluma, mwambie akafundishe kipindi cha saa sita.

Mwalimu Kilifi
Nawasalimu kutoka Kenya. Sisi KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilikwisha 2023, na kuorodhesha shule kulipigwa marufuku 2014. Sasa kuna KPSEA, upimaji wa gredi ya sita, iliyoanza 2022, na haimzuii mtoto kuingia sekondari ya chini. Presha imepungua, hilo nalikubali kwa roho safi. Lakini wazazi wangu bado wanauliza "amepata ngapi?" wakati ripoti inasema anachokiweza na asichokiweza. Nimeanza kuwaita mmoja mmoja na kumpa mtoto asome mbele yao. Baba mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza aanze na kitabu gani.

Mama wa Watatu
Jamani, na hili la 2027? Nasikia darasa la saba na darasa la sita la mtaala mpya watamaliza pamoja. Wangu wa mwisho yumo.

Mwalimu wa Hisabati
Ni kweli dada, makundi mawili yatamaliza mwaka mmoja. Aliye na mwaka mmoja pungufu ndiye wa kusikilizwa akisoma mapema. Usisubiri mock.

Mjumbe wa Kamati
Nimeshapakua taarifa ya uchambuzi ya darasa la nne na la saba, nitazichapa za hisabati na Kiswahili kwa ajili ya kikao. Nimemwomba pia mwalimu wa taaluma kila mjumbe asikilize watoto watano wakisoma kabla ya ajenda ya wastani kufunguliwa. Amekubali.

Mwalimu Mstaafu, la uji naomba unifafanulie. Huku kwetu kufikia Februari maghala yako tupu. Mlivukaje miezi ile?

Mwalimu Mkuu Mstaafu
Tulikusanya Julai, mara moja, debe moja kwa mtoto, tukahifadhi kwenye stoo ya shule, ufunguo kwa mwenyekiti wa kamati na daftari kwa mwalimu. Asiye na mahindi alileta mtama au siku za kazi shambani kwa shule. Na tulilima ekari mbili za shule kwa ajili ya Februari na Machi tu. Anzeni na darasa la kwanza na la pili kama hayatoshi wote.