Ushauri: mwenzetu kwenye kundi analangua Raspberry Pi, tumfanyeje?

Fundi_Redio (mwanzisha uzi), Mei 2022

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mmoja wa wasimamizi wa kundi la Telegram la wapenda elektroniki hapa Dar. Siyo kundi la biashara. Kuna wanafunzi wa chuo, mafundi redio wastaafu, mwalimu wa Fizikia, na wengine kama mimi ambao mchana tuna kazi nyingine kabisa na usiku tunachoma risasi ya kuungia nyaya mezani mpaka mke aulize kama huko ndani kuna moto. Tuna sehemu ya kuuziana vitu. Siku zote utaratibu umekuwa wa kuaminiana: kitu hukitumii, unakiweka kwa bei uliyonunulia au pungufu, mwenzako anachukua.

Sasa mnaijua hali ya Raspberry Pi, kile kikompyuta cha bodi moja, tangu mwaka jana. Pi 4 ya RAM 4GB bei yake rasmi ni dola 55, kwa dola ya leo ni kama laki moja na elfu 28. Shida ni kuipata. Juzi duka moja hapa mjini likapata mzigo mdogo, wakauza laki na themanini. Kwangu hiyo ni bei ya haki ukiweka usafiri na VAT ya asilimia 18. Mwenzetu mmoja akawahi mlangoni asubuhi, akabeba zote. Jioni ikatua posti kundini: "Pi 4 4GB, mpya, boksi halijafunguliwa, 480,000. Bei haipungui. Wahi." Kwenye picha stika ya duka imebanduliwa nusu, na "18" bado inasomeka.

Kundi limechafuka. Wengine wanataka atolewe leo leo, wengine wanasema mali ni yake. Kinachonitia ugumu ni kwamba huyu bwana siyo mgeni. Nusu ya vijana pale yeye ndiye aliyewafundisha kuwasha kitaa chao cha kwanza cha LED, bure. Na kuna kijana wa mwaka wa mwisho chuoni ambaye mradi wake umesimama kwa kukosa hiyo bodi, nasikia anatafuta pa kukopa.

Tuweke bei elekezi? Tumtoe? Tunyamaze? Naombeni mawazo ya watu wazima.

kapasita

Mkuu, amemshikia mtu panga? Ingia eBay uone, 4GB inauzwa dola 130 mpaka 150, hapo hujalipia usafiri. Akiiuza kwa laki na themanini leo, kesho akitaka nyingine ataipata wapi kwa bei hiyo? Mfanyabiashara anapanga bei kwa kuangalia atanunua mzigo ujao kwa shilingi ngapi. Mnataka vitu vya bei poa lakini hamtaki kudamka. Yeye kadamka.

Dada wa Multimita

@kapasita hesabu yako ingesimama kama angeagiza hizo bodi eBay. Hakuagiza. Amezitoa kwenye rafu ya duka la mtaa wetu. Asubuhi ile Dar ilikuwa na bodi kadhaa za laki na themanini, jioni Dar ina bodi zile zile za laki nne na themanini. Ameongeza nini? Hata gharama ya bodaboda haifiki huko.

Mtu akileta mzigo kutoka nje, akahangaika na forodha, akaweka cha juu, mimi namlipa na asante juu. Amefanya kitu ambacho sisi wengine hatukuweza. Anayezoa rafu ili sisi tukose, halafu anatuuzia sisi sisi tulioikosa kwa sababu yake, huyo ni mlangua, hata kama ni mwalimu wangu. Na aliniuzia mimi transfoma mbovu mwaka juzi lakini hayo tuyaache.

Mzee Valvu

Wanangu, mimi nilikuwa kijana mwaka 1983, wakati wa Waziri Mkuu Sokoine na msako wa wahujumu uchumi. Watu walikuwa wanatupa mali porini usiku ili asubuhi wasikutwe nayo. Kabla ya hapo na baada ya hapo, bei ya serikali ya sabuni ilikuwepo, sabuni haikuwepo. Ukiitaka unapita mlango wa uani na unaulizwa umetumwa na nani.

Kwa hiyo hilo la bei elekezi msilikimbilie. Mkiandika kundini "mwisho laki mbili", bodi hazitashuka bei, zitahamia inbox. Hapo hutajua nani anauza, nani kanunua, na akiuziwa bodi iliyoungua hatakuwa na pa kulalamika kwa sababu atakuwa amevunja sheria yenu.

Fundi_Redio

Shikamoo Mzee. Hapo kwenye inbox umenigusa, tayari nimeanza kusikia.

nyaya_tatu

Niseme kidogo kuhusu chanzo, maana kuna watu kundini kwenu watadhani ni hila za wauzaji wa Dar tu.

Uhaba huu ni wa dunia nzima. Chipu zilianza kuadimika baada ya korona kuingia: magari, simu, kompyuta, kila mtu anagombania foleni ya viwanda vile vile. Oktoba 2021 Raspberry Pi walipandisha bei kwa mara ya kwanza katika historia yao, Pi 4 ya 2GB ikatoka dola 35 ikawa 45. Mwezi uliopita bosi wao Eben Upton aliandika kwamba wanatoa takriban bodi nusu milioni kwa mwezi, lakini wanawapa kwanza viwanda na makampuni ambayo bidhaa zao zimejengwa juu ya hiyo bodi, kwa sababu pale ni ajira za watu. Mabaki ndiyo yanakuja kwa sisi wa mezani. Ndiyo maana rafu ni tupu ingawa kiwanda kinachoziunda kule Wales hakijasimama.

Sasa angalieni wao wenyewe wamefanyaje. Bei rasmi ipo, lakini hawana uwezo wa kumfuata kila anayeuza eBay. Wanachosimamia ni wauzaji walioidhinishwa, na hao wengi wanauza moja kwa kila mteja. Kuna tovuti inaitwa rpilocator inayofuatilia stoo za hao wauzaji na kuonyesha mzigo ukiingia. Mzigo wenyewe huwa unakaa dakika chache tu, kwa hiyo mwambie kijana asiifungue mara moja kwa wiki akategemea muujiza.

Yaani kidhibiti kinachofanya kazi ni idadi kwa kichwa. Nyie kundini mnaweza kufanya hivyo hivyo, na hata kwenda kuongea na lile duka kistaarabu. Mwenye duka anapenda wateja kumi wanaorudi kununua waya na resista kuliko mmoja anayebeba zote na kupotea.

Luthuli254

Salamu kutoka Nairobi. Huku pia tulipitia hayo. Ukizunguka Luthuli Avenue unatajiwa bei tofauti kila duka, na ukikunja uso unaambiwa "hiyo ni ya mwisho buda". Kwa kikundi chetu tulikataa kupanga bei. Tulisema tu: ukiuza kitu kilichoadimika, weka picha ya risiti kando ya bei yako. Basi. Uza hata kwa milioni, ila watu waone ulinunua kwa ngapi na wapi. Wengine walikasirika wakaenda. Waliobaki bei zao zilishuka zenyewe, maana si rahisi kuandika elfu hamsini chini ya risiti ya elfu ishirini ukijua Jumamosi mtakutana uso kwa uso.

kapasita

Risiti sawa, hilo silipingi. Ila msije kumgeuza mtu kibaka kwa kuwa ana mtaji na nyie hamna.

Mwl_Ohm

Wakati mnagombana, kuna mtu amemuuliza kijana anatengeneza nini? Nusu ya watu wanaolia kuhusu Pi hawahitaji Pi. Kupima joto la kiangulio cha vifaranga, kuwasha pampu, kutuma ujumbe tangi likijaa: ESP32, kibodi kidogo cha bei nafuu chenye WiFi, inatosha na zimejaa mjini. Pico, kibodi kidogo cha hao hao Raspberry Pi, bei yake rasmi ni dola 4 na chipu yake wameiunda wenyewe, haijaadimika kama hizi nyingine. Unataka seva ndogo ya nyumbani? Kanunue kompyuta ndogo iliyotumika, zile zinazotolewa maofisini, weka Linux, utaishukuru. Mimi printa yangu ya 3D inaendeshwa na laptop iliyovunjika kioo. Mlangua anaishi kwa watu walioshikilia kitu kimoja tu.

OhmsLaw_Tabata

Mmenizungumza vya kutosha, mimi ndiye mwenyewe.

Kwanza, sikuvunja sheria yoyote ya kundi kwa sababu haipo. Pili, mwaka jana niliagiza Pi kwa hela yangu, nikawauzia watu wa kundi kwa bei ya kununulia pamoja na usafiri, kama tulivyozoea. Bodi mbili kati ya hizo nilizikuta wiki ile ile zimewekwa mtandao mwingine kwa laki nne. Aliyeziweka yumo humu na ni mmoja wa wanaotaka nitolewe. Sitamtaja. Tofauti ile niliyodhani nawaachia wanafunzi ililiwa na mtu mwingine, mimi nikabaki na sifa ya wema. Safari hii nikasema kama kuna mtu lazima ale, basi nile mimi.

Mniite mnavyotaka. Ila mkiniuliza nani alaumiwe, na huyo muwekeni kwenye mizani.

Dada wa Multimita

Hilo nalipokea, aliyefanya hivyo alikukosea na alitukosea wote. Lakini kijana wa chuo hakukufanyia hivyo, na yeye ndiye anayelipishwa.

Fundi_Redio

Kaka nashukuru umejitokeza mwenyewe, ungeweza kunyamaza.

Nimeongea na wasimamizi wenzangu. Hatumtoi mtu. Bei elekezi hatuweki, Mzee Valvu ametushawishi. Tunajaribu hivi mpaka uhaba uishe:

Kitu kilichoadimika kinawekwa na risiti. Ukikileta kutoka nje, panga bei yako, mnunuzi ataamua. Ukikitoa duka la hapa hapa mjini, kwenye kundi letu unauza kwa bei ya risiti na nauli, vinginevyo kauzie kwingine. Mtu mmoja bodi moja. Na anayenunua kwa bei ya kundi anaandika anaitumia kwenye nini, akija kuonekana ameigeuza biashara hanunui tena humu. Hili la mwisho ni kwa ajili ya malalamiko ya OhmsLaw, ni haki yake. Kesho kutwa naenda kuonana na mwenye duka kuhusu moja kwa kichwa.

Najua kuna matundu. Risiti inaweza kughushiwa, na ya kauzie kwingine haimsaidii asiye kundini. Sisi hatuongozi nchi, tunaongoza kundi.

kapasita

Na zile ambazo OhmsLaw anazo tayari?

OhmsLaw_Tabata

Mbili zimeshauzwa, hela sirudishi, mnunuzi aliridhika na si wa kundi. Moja namwachia kijana kwa 190. Zinazobaki nazitumia au nazipeleka kwingine, sitaziweka humu.

mwaka_wa_mwisho

Jamani mimi ndiye kijana. Asanteni. Mradi wangu ni wa kamera inayopiga picha majani ya mahindi na kutambua ugonjwa, kwa hiyo ESP32 haitoshi, nimejaribu. Kaka OhmsLaw, 190 naiweza ila mpaka mwisho wa mwezi. Pia kuna mtu ananiuzia Pi 400, ile ya ndani ya kibodi, anasema ni sawa sawa na Pi 4. Ni kweli?

nyaya_tatu

Ubongo ni ule ule, RAM 4GB, na pini 40 za kuunganishia vifaa ziko nyuma. Ila haina pa kuchomeka kamera ya utepe, ile inayounganishwa kwa waya bapa moja kwa moja kwenye bodi. Utalazimika kutumia ya USB, na utahitaji kebo ya HDMI ndogo. Kama ya utepe umeshainunua, subiri ya OhmsLaw.

mwaka_wa_mwisho

Nimeshainunua.

OhmsLaw_Tabata

Njoo inbox, hela utaleta mwisho wa mwezi. Risiti nakupa.