Laini ya umeme ya peke yake kwa ajili ya amplifaya

Mkazi wa Tabata:
Habari zenu, wakuu. Kila friji inapowaka, spika zangu hutoa mlio wa "tap", na muda wote kuna mvumo hafifu hata nikipunguza sauti hadi mwisho. Je, nikivutiwa laini ya peke yake kutoka kwenye breka hadi sebuleni, tatizo litakwisha?

Fundi wa Mbagala:
Ndugu yangu, mlio huo huenda ukapungua, kwa sababu friji na amplifaya havitatumia tena waya mmoja. Weka waya wa milimita za mraba 2.5 wenye erthi (waya wa usalama unaoungana na ardhi), breka ya ampea 20 na soketi pacha ya ampea 13. Ila nakusihi, usikubali kuchimbiwa erthi ya pembeni kwa ajili ya muziki tu: erthi isiyounganishwa na ile ya nyumba inaweza kuua mtu. Umeme ukipanda na kushuka kutoka nje, laini hiyo haitasaidia.

Mama wa Kigamboni:
Mvumo ni jambo jingine. Kwangu ulipitia kwenye waya wa dishi. Nilipouchomoa nyuma ya king'amuzi, sebule ikawa kimya. Jaribu hilo kwanza, halina gharama.

Mkazi wa Tabata:
Asante, mama. Nimeuchomoa sasa hivi na mvumo umekoma, ingawa "tap" bado ipo. Jumamosi nitamwita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, anivutie laini.