Vipande vya Turlough Carolan kwenye gitaa: besi sahihi ni ipi?

nyuzi_sita
Wakuu habari. Nina vitabu vitatu vyenye "Sí Bheag, Sí Mhór" ya Turlough Carolan, yule mpiga kinubi kipofu wa Ireland. Melodi ni ileile kote, ila besi na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kila kitabu kina zake. Aliyoipiga mwenyewe ni ipi? Halafu nikishusha uzi wa sita kutoka E hadi D, kabla kipande hakijaisha sauti yake imeshapanda. Tatizo nini?

waya_na_kucha
Ya mwenyewe haipo, mkuu. Carolan (1670–1738) alipofushwa na ndui akiwa na miaka 18, Bi. MacDermott Roe akamlipia mafunzo ya kinubi, kisha akazunguka Ireland kwa farasi na mtu wa kumwongoza, akiwatungia wenyeji waliompokea. Vipande vyake, zaidi ya 200, vimetufikia karibu vyote kama mstari mmoja wa melodi. Edward Bunting aliponukuu muziki wa wapiga vinubi pale Belfast mwaka 1792, Carolan alikuwa kaburini miaka 54, na alichochapisha Bunting alikipangia piano. Kodi za vitabu vyako, basi, ni za watu walioupanga muziki huo baadaye.

Kinachosaidia ni kukijua chombo. Kinubi cha zamani cha Ireland kilikuwa na nyuzi za waya, zikikwanyuliwa kwa kucha, na sauti ilikawia sana kufa. Ukirundika noti tatu chini, unapata mvumo tu. Kwenye "Sí Bheag" (ufunguo wa D, mapigo matatu) weka besi moja pigo la kwanza, labda na noti ya tano juu yake (kwa D ni A, uzi wa tano wazi), kisha pigo la pili na la tatu iachie melodi. Ukitoka D kwenda G, zima uzi wa tano kwa ubavu wa dole gumba. Ile A ikiendelea kulia chini ya G inachafua kila kitu. Wengi wanalaumu gitaa lao wakati kosa ni hilo.

fundi_vigingi
Kuhusu kupanda: uzi uliolegezwa hujivuta taratibu, ndipo sauti hupanda; na ukinasa kwenye mfereji wa juu ya shingo kisha ukaachia katikati ya wimbo, sauti huhama pia. Shusha kupita D, uvute kidogo kwa mkono, kisha panda hadi D. Usimalizie kwa kushuka. Linganisha na uzi wa nne wazi, ni D ya oktavu moja juu. Bado unanasa? Paka unga wa penseli kwenye mfereji.

nyuzi_sita
Shukrani. Nikimaliza hicho nirukie "Carolan's Concerto"?

waya_na_kucha
Subiri. Hapo ndipo anaposikika akiwaiga Waitaliano, ambao muziki wao ulipendwa sana Dublin enzi zake: kifungu kifupi cha melodi kinarudiwa ngazi moja chini, tena na tena, na besi lazima ihame nacho. Ukibaki na D na A za wazi kama kwenye "Sí Bheag", inagongana. Anza na "Planxty Irwin" kwa ufunguo wa G, kodi G, C na D zinatosha karibu pote. "Eleanor Plunkett" ni fupi na ya polepole, lakini kwa mwendo huo kila uzi usiozimwa utasikika.